Mzee Jaribio Apigiwa Simu

Kama wiki iliyopita ulikuwa msibani, au gazeti lako lilifungiwa dagaa kabla hujalisoma, sogea nikurudishe kidogo.

Mimi ni Clementi Mniko wa Mukendo, Musoma. Kazi yangu ni kujenga kanzidata, yaani madaftari ya kwenye kompyuta ambayo ukiyauliza "nani hajachanjwa?" yanakujibu papo hapo. Mlishasikia laptopu yangu ya kwanza ilivyozama Murangi. Mkasikia nilivyojiunga na Ukumbi wa Kanzidata, umoja wa kwenye mtandao unaofundisha watu wa kazi yangu, na nilivyogeuka kipaza sauti chao mkoa mzima.

Kila asubuhi nilibandika tangazo kwenye stetasi yangu. Nikilikumbuka naona aibu, ila nimeahidi kusema yote, basi hili hapa: "Wajenzi wa kanzidata wa Mara, amkeni! Kozi ya mtandaoni, punguzo asilimia sitini. Mwanachama kamili anapata vocha ya mtihani, vitabu vya bure, na mwenzi wake anasoma bila kulipa. Mwisho Ijumaa saa sita mchana. Usije ukasema hukuambiwa."

Na huyo mwenzi kwangu ni Jenipher, anayefanya kazi kwenye steshenari pale Butiama. Baba yake ni Mzee Keraryo wa Mugeta. Ng'ombe sita wa mahari nilishawapeleka, sita wengine baada ya mavuno, harusi Desemba.

Mzee Keraryo ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji, na ndiye aliyenipa kazi ya kuwajengea daftari la chanjo. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Wazee wa kule hawahesabu ng'ombe hadharani. Muulize mtu ana ng'ombe wangapi, atakujibu "wapowapo", na ukikazana atakuona mwizi. Tena wengine hawapo zizini kwake. Amewaweka kwa rafiki kijiji kingine, na wanaojua ni wao wawili tu.

Mimi walinitajia wote. Waliopo na waliowekwa, majina ya waliowapokea, na namba za simu. Walinitajia kwa sababu Mzee Keraryo alisimama mbele yao akasema, "Huyu ni mkwe wangu. Akiwadanganya, nimewadanganya mimi."

Sasa tuendelee.

Jumanne, saa nne asubuhi, simu yangu ya pili ililia. Namba ile naitumiaga kazini tu, watu hawaijui.

"Shikamoo, Mzee Wambura Jaribio," ilisema sauti ya kijana, tamu kama ya mtangazaji.

"Marahaba," nilijibu kabla sijafikiri.

"Hongera, mzee, kwa ng'ombe sabini na saba. Pamoja na wale kumi na mmoja uliowaweka kwa rafiki yako. Tuna dawa ya kupe hapa, na kwa mfugaji mkubwa kama wewe kuna punguzo maalumu."



Ndugu msomaji, Mzee Wambura Jaribio hajazaliwa. Nilimtunga mimi, siku nilipokuwa najenga lile daftari, nione kama linahesabu sawasawa. Ng'ombe sabini na saba nilimpa mimi. Namba ya simu nilimpa yangu. Kila mjenzi ana mtu wake wa namna hiyo kwenye madaftari yake, na hakuna anayemjua zaidi yake.

"Namba hii umeitoa wapi?" niliuliza.

"Ipo kwenye orodha, mzee."

"Orodha gani?"

Akakata.

Nilikaa nikiitazama ile simu. Kama orodha ina Mzee Jaribio, basi hiyo ni orodha yangu. Na kama ni orodha yangu, kuna mtu ameiiba.

Sikupata hata muda wa kusimama, simu ya kwanza nayo ikalia. Mzee Keraryo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Clementi, kuna watu wanawapigia wanachama wangu. Wanawatajia ng'ombe wao kwa idadi. Wamempigia shemeji wa Mama Mbuke."

Nilifumba macho. Mama Mbuke ni mjane. Mume alipofariki, kabla shemeji zake hawajaja kugawana, aliswaga ng'ombe sita akawaweka kwa rafiki wa marehemu. Ndio waliokuwa wanamsomeshea watoto. Yeye hana simu, kwa hiyo kwenye daftari tuliandika namba ya shemeji yake, maana ndiye jirani mwenye simu.

"Kijana akamwambia shemeji," Mzee aliendelea, "eti 'mpeni Mama Mbuke salamu, ng'ombe wake sita walioko kwa fulani tuna dawa yao kwa bei ya punguzo.' Shemeji wamekwenda jana. Wamewachukua wote."

"Yesu wangu!"

"Mikono iliyogusa kompyuta ya kikundi ni mitatu. Wewe uliyejenga, Jenipher aliyeandika majina, na yule fundi wako wa Bunda. Alhamisi saa kumi nawataka wote nyumbani kwangu." Kisha akauliza, "Unamshuku mtu?"

"Baba, mimi sitaki kumsingizia mtu."

"Ukishasema hivyo unaye tayari. Mtaje."

Nikamtaja.

"Amini," nilisema. "Amini Hamduni."

Msinihukumu upesi. Amini ni rafiki yangu tangu chuo, ana kibanda chake cha kutengeneza kompyuta Bunda mjini, na mwezi wa tatu ndiye aliyeitengeneza mashine ya kikundi ilipougua. Kwenye kozi ya Ukumbi aliyemwingiza ni mimi, kwa tangazo langu lile lile. Lakini siku za karibuni nikifika kwake anageuza simu kifudifudi. Nikiuliza anafanya nini anasema "mambo madogomadogo tu." Halafu ghafla ana pikipiki mpya! Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Usiku wa Jumanne nikapanga hata maneno ya kumtukania.

Jumatano sikwenda kazini. Nilipiga ile namba ya muuza dawa mara ishirini, haipatikani. Nikamkumbuka Mwalimu Benjamini wa Ukumbi, tuliyemsikia sauti miezi miwili bila kumwona sura, maana kwenye picha yake kuna ua la waridi tu. Nikaona na huyu ana lake jambo. Nikamshuku jirani, nikamshuku mlinzi wa jengo. Nikishashuku, mimi sinaga breki.

Alhamisi asubuhi nikashuka Bunda, moja kwa moja kibandani kwa Amini. Nilimkuta ameinamia simu. Aliponiona akaigeuza.

"Igeuze!" nilisema. Hata salamu sikumpa.

"Vipi wewe, umeamkaje leo?"

"Amini, igeuze hiyo simu!"

Akanitazama, akanipa. "Haya. Chukua. Ucheke ukimaliza."

Nikatazama. Lilikuwa zoezi la mwisho la kozi ya Ukumbi. Limeandikwa kwa rangi nyekundu: umeshindwa, jaribu tena. Mara ya nne.

"Nilikuwa naona aibu," alisema Amini. "Wewe ulipita mara ya kwanza, ukawa mwanachama kamili, mimi nahangaika tu. Wanataka daftari lenye watu mia tatu au zaidi, lenye uhalisia. Mimi nimetunga kuku. Kuku mia tatu, kila mmoja na jina lake na tarehe ya kutaga. Wiki mbili natunga kuku, ndugu yangu! Na bado wanasema halina uhalisia."

"Na pikipiki?"

"Ya Sabiha, dada yangu. Yeye yuko kwenye uzazi, haendeshi. Kwani kuna nini?"

Nikamweleza habari ya Mzee Jaribio. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Mzee Jaribio? Yule wa ng'ombe sabini na saba?"

"Unamjua?"

"Nilimfuta mimi mwezi wa tatu. Alikuwa anaharibu hesabu za chanjo, kila siku dozi zinazidi. Nikamwambia na Jenipher. Kwenye mashine ya kikundi Mzee Jaribio hayupo, Clementi. Hayupo miezi sita sasa."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kwa sababu kama hayupo kwenye mashine ya kikundi, orodha haikutoka huko. Mzee Jaribio alibaki sehemu moja tu duniani, kwenye nakala ya zamani ndani ya laptopu yangu. Na nakala hiyo niliitoa nje mara moja tu katika maisha yangu.

Ilikuwa ile Ijumaa ya mwisho wa punguzo, saa tano na dakika arobaini. Zoezi la watu mia tatu lilikuwa mbele yangu, na nikiwahi kabla ya saa sita nakuwa mwanachama kamili, Jenipher anasoma bure. Alitaka sana kuacha kuwachapia watu barua, ajue kazi yangu. Alikuwa amekaa pembeni yangu na soda mkononi.

Ningeanza kutunga kuku saa ngapi? Nikachukua daftari la Mugeta kama lilivyo.

"Clementi," Jenipher aliniuliza, "hiyo si ya kina baba?"

"Ni zoezi tu. Nitaifuta kesho."

Nikabonyeza. Ikaja rangi ya kijani, tukapigiana makofi kama watoto. Kesho yake nikasahau.

Niliitoa simu pale pale kibandani, nikawaandikia Ukumbi: tafadhali futeni zoezi langu, lilikuwa na majina ya watu halisi. Jibu lilikuja kabla sijameza mate.

"Mwanachama mpendwa, mazoezi yaliyowasilishwa ni mali ya Ukumbi na washirika wake wa biashara, hayafutwi. Je, unajua kwamba ukimleta rafiki unapata mwezi mmoja bure?"

Nilitamani kuitupa ile simu. Niliwaleta marafiki tisa, ndugu msomaji. Tisa! Na sijui kila mmoja wao alibonyeza nini.

Amini alikuwa ananitazama. Alishaelewa, yeye si mjinga.

"Ulipeleka la kweli," alisema taratibu.

"Nilipeleka la kweli."

"Astaghfirullah, Clementi." Akavua kofia yake, akaivaa tena. "Haya. Yameshatokea. Mimi nimeitwa Mugeta saa kumi, sikujua kwa nini. Sasa najua. Tutakwenda wote, utawaambia mwenyewe, mimi nitakuwa pembeni yako. Wazee wakiambiwa ukweli mapema wanakuwaga na huruma."

Hapo ndipo nilipaswa kusema: Amini, nimekwishakutaja. Juzi. Bila ushahidi, kwa pikipiki ya dada yako.

Sikusema. Nilipanda nyuma ya pikipiki hiyo hiyo, nikamshika kiuno mtu niliyemsingizia, tukaingia njia ya vumbi kwenda Mugeta. Njia nzima alikuwa ananifariji mimi.

Tulipofika, ng'ombe wa Mzee Keraryo walikuwa wote zizini. Walichanjwa asubuhi, siku hiyo hawakwenda malishoni. Wazee saba wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya zizi. Mama Mbuke amekaa chini, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Jenipher amesimama karibu na mlango wa jiko. Hakunitazama.

Tukasalimia. Mimi nikaitikiwa. Amini aliposema shikamoo, watatu tu ndio walioitika.

Akanigeukia, bado haelewi. Nikatazama chini.

"Kijana wa Hamduni," alisema Mzee Keraryo, "wewe tumeambiwa habari zako."

"Habari zangu, mzee? Na nani?"

"Utajua. Kwanza kiapo."

Kiapo cha pale kwa Mzee ni kamba ya kukamulia, ile wanayofungia miguu ya ng'ombe. Unaishika kwa mikono miwili, unasema neno lako. Ukisema uongo, wanaamini nyumba yako haitapata maziwa wala mtoto. Mimi ni Mkristo wa mjini, nilidhani sijali mambo hayo. Nilipoiona ile kamba niliificha mikono mgongoni.

"Tuanze na wa kwangu," alisema Mzee, "asije mtu akasema nimempendelea. Jenipher."

Jenipher alikuja. Akaishika. Nilimtazama nikimwomba kwa macho aseme "sijui kitu" kwa namna yoyote isiyo kiapo. Hiyo njia haikuwepo.

"Mimi Jenipher Keraryo, sikuitoa orodha, na simjui aliyeitoa."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Akairudisha kamba, akarudi mlangoni. Ndipo aliponitazama, nami nikamwelewa: nimekuokoa, nawe usiniangushe.

"Clementi."

Niliishika ile kamba. Ilikuwa bado na unyevu wa asubuhi.

Nikisema uongo, anayebaki ni Amini, na wazee wamekwisha kumhukumu kwa mdomo wangu. Nikisema kweli, Jenipher ameapa uongo juu ya nyumba yake mbele ya baba yake. Nyumba yenyewe ni yangu na yeye! Mzee mmoja akakohoa.

Amini akasema, polepole, "Ndugu yangu, sema tu."

"Ndugu yangu," aliniita. Ikanishinda.

"Ni mimi," nilisema. "Wazee, ni mimi. Amini hana kosa hata la sindano. Nilipeleka orodha yenu kwenye kozi ya mtandaoni, nikaifanya zoezi, ili nipate punguzo. Tena Amini nilimtaja mimi, na nilimtaja bila kujua lolote."

Amini aligeuka akanitazama. Alisogeza kiti chake hatua mbili mbali na mimi, akakaa.

Hilo liliniuma kuliko tusi.

Lakini Mzee Keraryo hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Siku anapeleka, wewe ulikuwa wapi?"

Jenipher aliikaza kanga yake kiunoni.

"Jenipher. Nakuuliza mara ya pili, na mara ya tatu sitauliza."

"Nilikuwa nimekaa naye, baba."

"Ukajua ni ya kwetu?"

"Nilijua."

"Na umeishika kamba."

Wale wazee waliguna, mmoja akageuza uso. Mama Mbuke, ambaye tangu tufike hajatia neno, alivuta miguu yake akakaa vizuri.

"Mwanangu," alimwambia Jenipher, "hilo punguzo lilikuwa la nani?"

"La kwangu, mama. Clementi akiwa mwanachama kamili, mimi nasoma bure."

"Umefika wapi katika hayo masomo?"

"Somo la nne."

"Kati ya mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Basi yamalize," alisema Mama Mbuke. Hakupaza sauti. "Usiyaache njiani. Ng'ombe wangu sita ndio ada yako, nisije nikasikia wamepotea bure."

Jenipher alianza kulia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Keraryo alisimama. Alionekana amezeeka tangu nilipoingia.

"Nilisema akiwadanganya huyu, nimewadanganya mimi," aliwaambia wenzake. "Neno langu silirudishi. Mama Mbuke, ng'ombe wa mahari wa binti yangu ni sita, wamo humo zizini. Wachukue leo."

"Baba!" nilisema.

"Usiniite baba, subiri kwanza tujue mimi ni nani wako."

Kwetu mahari ikitoka zizini kwenda kulipa kosa, si mahari tena. Na mimi wengine sina, mlishasoma wale sita nilivyowapata. Wazee walianza kuvutana, mmoja anasema ndoa imekufa, mwingine anasema la, mpaka binti mwenyewe anene. Mama Mbuke akawanyamazisha kwa mkono.

"Mimi sichukui ng'ombe wa harusi ya mtu kwa nguvu," alisema. "Nimenyang'anywa, najua inavyouma. Jenipher, hao ni wa kwako. Nikiwaswaga, hujaolewa. Nikiwaacha, wanangu mwakani hawaendi shule. Sema wewe."

Wote tukamtazama. Jenipher alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kisha akamtazama yule mama pale mkekani.

Alipita mbele yetu, akaenda zizini, akaanza kuchomoa miti ya mlango, mmoja baada ya mwingine.